Geti la kubana, uzio wa waya au geti la fundi: kipi kinafaa unapomleta mbwa wa pili nyumbani

Pesa ya kwanza ya mbwa wa pili isiende kwenye bakuli jipya wala kola ya ngozi. Iende kwenye kizuizi: kitu imara kinachowaacha mbwa wawili waonane, wasikiane na wanusane bila kufikiana kwa meno. Haijalishi mgeni ametoka kituo cha KSPCA (shirika la kutunza wanyama) Nairobi, ameokotwa sokoni au ameachwa na mpangaji aliyehama. Mwenyeji ana uwanja wake, bakuli lake na watu wake. Mgeni hajui hata mlango wa kutokea uko upande gani. Ukiwafungia sebuleni ili “wazoeane wenyewe” na wakapigana, kosa si la mbwa yeyote kati yao, na ugomvi wa siku moja unaweza kuwagharimu miezi ya kuogopana.

Vizuizi vinavyopatikana kwetu ni vya aina tatu: geti la watoto la kubana mlangoni, uzio wa waya wa kukunja, na geti la kuchomelewa na fundi. Wauzaji huvisifu vyote kwa maneno yaleyale, lakini kazi zake ni tofauti, na udhaifu wake ni tofauti zaidi.

Geti la kubana mlangoni

Ni lile la chuma cheupe lililotengenezwa kwa ajili ya watoto wanaotambaa. Halitobolewi ukutani, linasimama kwa kubanwa na skrubu nne zenye vikanyagio vya mpira. Mengi yanakaa kwenye uwazi wa sentimita 75 hadi 82, na mlango ukiwa mpana zaidi huongezwa vipande vya pembeni. Kimo chake ni kama sentimita 76, na namba hiyo ndiyo ya kuitazama mara mbili. German Shepherd dume ana sentimita 60 hadi 65 mabegani tu. Akisimama kwa miguu ya nyuma, kifua chote kiko juu ya geti. Mbwa wa kienyeji ni mwepesi kuliko yeye na anaruka vizuri zaidi, kwa hiyo sentimita 76 kwake ni ngazi moja tu.

Ukilitoa kwenye boksi utakuta komeo halifikii fremu, limeacha pengo la upana wa kidole. Wengi hulirudisha dukani wakidhani ni bovu. Si bovu. Fremu imeundwa ikiwa imepanuka, na skrubu zikikazwa pande zote ndipo komeo linakutana na mahali pake. Anza na skrubu za chini, kaza kidogo kidogo kulia na kushoto kwa zamu, kisha za juu, hadi komeo lijifunge lenyewe unapousukuma mlango.

Tatizo kubwa ni kuta zetu. Chini kuna skatingi ya vigae iliyotokeza, juu hakuna, hivyo skrubu za chini zinabaki fupi na za juu zinachomoza sana, na geti linakaa limepinda. Dawa ni kuweka kipande cha ubao nyuma ya vikanyagio vya juu, unene sawa na skatingi. La pili ni rangi: mpira huteleza kwenye rangi ya mafuta, na kwenye rangi ya maji hubandua. Vile vikombe vidogo vya plastiki vilivyomo kwenye boksi, ambavyo watu huviacha kwa sababu vinahitaji plagi na skrubu, ndivyo vinavyolizuia geti lisishuke. Vitumie. Baada ya kufunga, lisukume kwa mikono yote miwili kwenye kimo cha kifua cha mbwa, mara kumi mfululizo, kwa nguvu. Likisogea hata kidogo, mbwa wa kilo 25 atalilaza.

Linafaa mbwa wadogo, watoto wa mbwa, na mzee mtulivu asiye na hamu ya kuruka. Alama 3 kati ya 5. Kwa mbwa wa ulinzi, usilinunue.

Uzio wa waya wa vipande 8

Huu ni wa paneli nane zilizounganishwa kwa pete au pini, unaokunjwa kama pazia. Paneli moja huwa na upana wa sentimita 61, kwa hiyo uzio wote ukinyooshwa ni mita 4.88. Ukiupanga mraba, paneli mbili kila upande, unapata eneo la mita za mraba 1.5 hivi, ukiupanga kama duara la pembe nane unapata karibu 1.8. Hilo ni eneo la kulala na kunywa maji tu. Mbwa mkubwa hafai kuwekwa humo kutwa nzima.

Kimo huanzia sentimita 61 hadi 122. Ule wa 61 ni wa watoto wa mbwa. Kwa mbwa mtu mzima wa wastani anza na 107, na kama unamudu chukua 122.

Uzito wa matangazo yake uko kwenye picha ya mbwa aliyetulia katikati. Ukweli ni kwamba uzio huu hauna sakafu. Kwenye vigae unateleza, na mbwa mwenye akili hugundua siku ya kwanza kwamba akiingiza pua chini na kuinua, anatoka. Vile vyuma vya kuchomeka ardhini vinavyokuja nao vinafanya kazi kwenye udongo na majani; kwenye kabro au zege havina pa kuingia. Kwa hiyo usiutumie kama kisanduku. Ukunjue uwe ukuta: funga ncha moja kwenye grili ya dirisha, nyingine kwenye nguzo ya baraza, kwa mikanda ya plastiki ya kufungia nyaya, mitatu kila upande (chini, katikati, juu), kisha uupinde katikati uwe na kona. Ukuta ulionyooka huanguka. Wenye kona husimama. Hivyo unapata mpaka wa mita nne na ushee unaogawa baraza nzima, na hapo ndipo uzio huu unapoyashinda mageti yote.

Kabla ya kulipa, kagua vitu vitatu dukani. Uwe na mlango wenye makomeo mawili, kwa sababu zile zisizo na mlango zitakulazimisha kufungua pini kila unapopeleka maji, na siku utakayochoka ndiyo mbwa atapita. Nafasi kati ya waya na waya zisiruhusu mdomo wa mbwa mdogo kupenya. Na miisho ya waya iwe imezibwa au kupindwa. Kwa wakazi wa Mombasa, Tanga, Dar es Salaam na Zanzibar kuna la nne: hewa ya chumvi hula sehemu zilizochomelewa kwanza, na rangi nyeusi ikishachubuka kwa meno, kutu haichelewi. Zilizopakwa zinki hudumu zaidi.

Hatari moja haiandikwi kwenye boksi. Kola yenye kibati au bakli iliyotokeza hunasa kwenye waya, mbwa akijivuta inambana shingo. Mvue kola kila anapobaki humo bila mtu.

Alama 4 kati ya 5, kwa sharti ufungwe.

Geti la fundi

Hili ndilo tunalolipendekeza kwa nyumba nyingi, na huenda nusu yake unayo tayari. Mlango wa nyuma au wa jikoni wenye grili ni kizuizi kizuri kilichokwisha kufungwa ukutani, kina bawaba na komeo la kweli. Kasoro yake ni kwamba grili hupangwa kwa kumfikiria mwizi. Nafasi za sentimita 10 au 12 hazipitishi bega la mtu ila zinapitisha kichwa cha mbwa, na kichwa kikipita, masikio na taya vinakigomea kurudi. Nunua wavu wa chuma wa kuchomelewa wenye matundu ya sentimita 5, au 2.5 kama mbwa mmoja ni mdogo, ukate wa kimo cha mita 1.2, uufunge kwenye grili kwa waya wa kufungia nondo. Miisho ya waya ielekee upande ambao mbwa hagusi, ipigwe nyundo ilale.

Kama hakuna grili, mwandikie fundi vipimo kwenye karatasi. Ukimwambia kwa mdomo atakutengenezea dirisha. Fremu ya bomba la mraba la milimita 25. Kwa mlango wa sentimita 90 na kimo cha 120, fremu inakula mita 4.2, na bomba moja la mita 6 linabakiza cha kutosha kwa chuma cha kukatiza katikati na vishikizo vya komeo. Wavu wenye waya wa milimita 3. Uwazi wa chini usizidi sentimita 4, maana mbwa hung'atana vidole kupitia chini ya mlango. Bawaba mbili, makomeo mawili, na komeo liwe la kusukuma pembeni. La kuinua mbwa hulifungua kwa pua. Geti lifunguke kuelekea ndani, upande atakaokaa mgeni, ili akilisukuma alikaze badala ya kulifungua.

Likiletwa, chukua kitambaa chakavu upitishe juu ya kila kiungo. Kinaponasa uzi, hapo ndipo ulimi utachanika. Mwambie fundi arudishe grainda hapohapo kabla hujamlipa salio. Lipakwe rangi ya kuzuia kutu kwanza, ya mwisho baadaye, na liachwe hadi harufu iishe kabisa kabla mbwa hajaanza kulilamba.

Alama 5. Ni zito, halihamishiki, na kwa mpangaji litahitaji ruhusa ya mwenye nyumba, lakini halijawahi kuinuliwa kwa pua.

Namna ya kulitumia, maana chuma peke yake hakipatanishi

Wavu hauzuii virusi. Mgeni asiye na cheti cha chanjo, au ambaye cheti chake hakieleweki, akae siku 14 kwenye chumba ambacho mwenyeji hakaribii, na bakuli, blanketi na fagio vyake visichanganywe. Dalili za parvo, ugonjwa wa virusi unaowaharisha na kuwatapisha mbwa, mara nyingi huonekana ndani ya siku 3 hadi 7, wakati mwingine hadi 14. Kikohozi cha mbwa hujitokeza ndani ya muda huohuo. Sakafu ioshwe kwa sabuni kwanza, kisha jiki ya asilimia 3.5, kikombe kimoja kwa vikombe 20 vya maji, iachwe dakika 10 kabla ya kusuuzwa. Chanjo ya kichaa cha mbwa ya mwenyeji nayo ikaguliwe kama bado iko ndani ya muda. Kupe watolewe kabla ya kukutana, kwa sababu kupe wa mbwa hubeba ugonjwa wa damu kutoka kwa mmoja hadi kwa mwingine.

Siku hizo si za kukaa bure. Badilishaneni blanketi mara daktari wa mifugo atakaposema mgeni ni mzima: la mgeni chini ya mahali mwenyeji anapolia chakula, la mwenyeji kwenye chumba cha mgeni. Mwenyeji akinusa na kuendelea kula, vizuri. Akiganda, manyoya ya mgongo yakasimama, ongeza siku.

Kisha geti, likiwa limefunikwa. Hapa kanga kuukuu inafanya kazi kuliko kifaa chochote cha dukani. Itundike kwenye wavu kwa vibanio vya nguo, ifunike kuanzia juu hadi sakafuni, waanze kwa kusikiana na kunusana tu. Kila siku isiyo na kunguruma, pandisha pindo kwa upana wa kiganja. Kwanza wataona miguu, baadaye vifua, macho yaje mwisho, kwa sababu kukodoleana macho ndiko kunakowasha moto. Geti lililo wazi kuanzia dakika ya kwanza hufanya kinyume: mbwa hukimbia huku na huku wakibwekeana kupitia nyavu, kila mmoja akijifunza kwamba kumwona mwenzake ni ugomvi. Kosa hilo ndilo linalowafanya watu waseme geti halikusaidia. Likishatokea, rudisha kanga hadi chini na uanze upya, usiwaache “wachoke”.

Chakula kiwekwe pande zote mbili kwa wakati mmoja, bakuli zikiwa mita 3 kutoka kwenye geti. Wakimaliza bila kuinua vichwa, kesho yake sogeza kila bakuli sentimita 30. Ni kazi ya siku nane au tisa kwa mbwa watulivu. Ugali wa dagaa una harufu inayosafiri kuliko chakula kikavu, na mgeni aliyewahi kulala njaa hulinda chakula kwa ukali, kwa hiyo kwa mbwa wa namna hiyo usikimbilie kusogeza bakuli karibu na geti kuliko mita moja. Mifupa isitolewe kabisa kipindi hiki.

Sambamba na hayo, watembezwe. Watu wawili, kamba mbili za kawaida za karibu mita 1.8, mahali ambapo hakuna aliyepazoea: barabara ya mtaa wa pili, uwanja wa shule siku ya mapumziko. Waende upande mmoja, umbali wa mita 10 au zaidi baina yao, dakika 15 hadi 20, umbali ukipunguzwa mita moja moja kadiri wanavyotulia. Usiwaelekeze uso kwa uso. Kamba ya kujirefusha yenyewe, ile ya kishikio cha plastiki, haifai hapa. Huwezi kuifupisha haraka, na uzi wake mwembamba hukata mkono. Mkanda wa kifuani ni bora kuliko kola, kwa sababu kola ikivutwa shingoni wakati mbwa anamtazama mwenzake, maumivu yale anayahesabu kuwa yametoka kwa mwenzake.

Mkutano wa kwanza bila wavu ufanyike uani, mara baada ya matembezi, kamba zikiburuta chini bila kushikwa. Wakinusana nyuma sekunde tatu, waite waje, wapewe kitu, warudi. Mbwa anayeinamisha mikono ya mbele na kuinua makalio anaalika mchezo. Anayelamba midomo na kupiga miayo ana wasiwasi, mpe nafasi. Aliyesimama wima, mdomo umefungwa, mkia juu hautikisiki, macho hayapepesi, huyo amebakiza sekunde chache: ita kwa sauti ya furaha na uondoke, na rudi kwenye geti. Kunguruma kusiadhibiwe. Mbwa aliyepigwa kwa kunguruma hujifunza kuuma bila kutoa onyo. Wakishashikana, usitie mkono katikati; tupa maji ya ndoo, au telezesha ubao mpana au kiti baina yao.

Siku za mwanzo mgeni huwa mpole kupita kiasi. Usemi wa mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe unawafaa mbwa pia: kuanzia siku ya tatu hivi ndipo tabia yake halisi inapoanza kutoka, na watu walioondoa geti siku ya pili kwa sababu “wamependana” hujuta wiki hiyohiyo. Kwenye nyumba ambazo mbwa hufungiwa mchana na kufunguliwa usiku walinde, mgeni asifunguliwe pamoja na mwenyeji usiku hadi wamalize wiki tatu za mchana bila tatizo. Gizani, mtu akipita nje ya ukuta, mbwa aliyepandwa na hasira na asiyeweza kumfikia mtu humgeukia aliye karibu. Askari wa zamu na dada wa nyumbani waonyeshwe geti kwa vitendo: komeo la chini, kisha la juu, na mlango mmoja haufunguliwi kabla mwingine haujafungwa. Jike aliye kwenye joto huvuruga kila kitu kati ya madume. Kama hajafungwa kizazi, mpango wote usubiri wiki tatu.

Vya kuacha dukani

Kola za umeme na za miiba ya ndani usiguse. Mbwa akiumia huku anamtazama mwenzake, umemfundisha kumchukia. Vifaa vya kuchomeka kwenye soketi vinavyotoa harufu ya kutuliza mbwa vinahitaji chumba kilichofungwa. Kwenye nyumba yenye madirisha ya vioo vya kupanga yaliyo wazi kutwa, harufu inaishia nje, na kichupa cha mwezi mmoja kina bei. Kikapu cha kufunika mdomo ni kifaa kizuri kwa mbwa aliyewahi kuuma, mradi kiwe cha nafasi, cha kumwezesha kuhema na kunywa maji. Kile cha kitambaa kinachofunga mdomo kabisa humzuia kuhema, na kwenye joto la pwani ni hatari ndani ya dakika chache. Azoeshwe kukivaa kwa siku kadhaa kabla ya mkutano, chakula kikiwekwa ndani yake, kisiwe kitu kipya siku ya shida.

Geti lenyewe liache mahali pake hata miezi mitatu ikipita na mbwa wakawa wanalala mgongo kwa mgongo. Lifungwe wakati wa kula, wakati wa kutoa mfupa, na kila nyumba inapobaki bila mtu. Kwa geti la kubana, kaza skrubu tena kila Jumamosi, kwa sababu mpira hulegea.